Shemeji Kaandika Riwaya ya Upelelezi, na Wateja Wanasoma Ninachowapa Mimi

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Nina duka dogo la steshenari hapa Mtwara mjini, upande wa Chikongola. Nauza madaftari na kalamu, natoa fotokopi, na kwenye rafu ya nyuma nakodisha riwaya. Kukodi ni shilingi 1,000 kwa wiki, na anayetaka kununua ananunua. Zinazotoka kuliko zote ni za upelelezi. Walimu, manesi wa hospitali ya Ligula, vijana wa bandarini, wanachuo, wote wakiingia swali ni lilelile: "Dada, kipya kipi? Nisome nini?" Nami nawaambia. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wasomaji kama kumi na watano tunakaa hapo dukani, naeleza vitabu vilivyokuja na basi kutoka Dar es Salaam, na wengi wanachukua kwa neno langu bila kufungua hata ukurasa.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anaishi Newala. Mwaka huu amechapisha riwaya yake ya kwanza, ya upelelezi, nakala 300. Fedha ilitoka kwenye korosho za familia, na mjomba wao ndiye aliyeruhusu baada ya kikao. Nakala 80 zimeletwa kwangu, ziko ndani ya maboksi chini ya meza ya fotokopi. Bei ni shilingi 12,000.

Nimekisoma mara mbili. Shangazi, kina mambo mazuri na sitaki kumdhulumu. Kisa kinaanza ghalani wakati wa msimu: karani wa chama cha msingi cha wakulima anakutwa amekufa katikati ya magunia, asubuhi ya mnada. Mwanzo ule unakushika. Anaeleza jinsi mizani inavyochezewa, kangomba, yule mlanguzi wa korosho, anavyopita kijijini na kipimo chake, mzee anavyouza mapema kwa bei ya kutupa kwa sababu mtoto anadaiwa ada. Hayo anayajua na ameyaandika vizuri. Damu si nyingi, na matusi hakuna.

Lakini fumbo lenyewe limevunjika. Nyuma ya jalada pameandikwa kwa herufi kubwa: NANI ALIYEMUUA KARANI? Msomaji anakaa kurasa 170 akiwashuku meneja wa ghala, mke wa marehemu na mlinzi. Ukurasa wa 171 anaingia dalali kutoka Dar es Salaam ambaye hajatajwa popote, na ndiye muuaji. Kitabu kina kurasa 188. Halafu muda hauendi: dalali anatoka Newala baada ya Isha, na saa sita usiku huohuo kuna mtu anamwona Kariakoo anakunywa chai. Yeyote aliyewahi kupanda basi la Dar atakifunga hapohapo. Tena kuna simu ya marehemu ambayo mpelelezi anaiokota ukurasa wa 40, anaitia mfukoni, na haitajwi tena mpaka mwisho.

Mume wangu anasema, "Kitabu cha nyumbani hicho, we sema kizuri, yaishe." Mama mkwe anapiga simu kila wiki kuuliza vimeuzwa vingapi. Shemeji mwenyewe tunaheshimiana na tunataniana, na amesema Jumamosi atakuja nimtambulishe yeye na kitabu chake. Upande mwingine nina mwalimu mstaafu, msomaji wangu mkubwa, aliyewahi kuniambia, "Macho yangu yamebaki machache, nasoma unachonipa wewe." Huyu nikimpa kitabu hiki kwa neno "kizuri", sitaweza kumtazama usoni.

Nikikisifu nawadanganya wateja. Nikikikataa naivunjia heshima nyumba niliyoolewa. Nikinyamaza vinaharibika chini ya meza. Nifanyeje?

Mwenye Rafu, Mtwara


JIBU

Marahaba mwanangu.

Kwanza pokea shukrani zangu kwa kukisoma kitabu cha shemeji mara mbili, tena ukajua simu imeokotwa ukurasa wa ngapi. Waandishi wengi wanaochapisha kwa fedha zao hawampati msomaji wa namna hiyo hata mmoja. Wanapata ndugu wa kuwapongeza na wateja wanaonyamaza.

Nikikuelewa vizuri, umeshika amana mbili. Wateja wamekukabidhi muda wao na shilingi zao, na nyumba ya mume wako imekukabidhi kazi ya kijana wao pamoja na fedha za korosho zilizomo ndani yake. Wewe unaona ukiitimiza moja utaivunja nyingine. Kabla hatujaziangalia njia zilizopo, kuna mambo kadhaa kwenye barua yako ambayo umeyachukua kuwa yamekwisha thibitika. Naomba tuyafungue.

La kwanza ni mama mkwe. Umeandika kwamba anapiga simu kuuliza vimeuzwa vingapi. Hujaandika popote kwamba ameuliza kama kitabu ni kizuri. Huenda anachokitafuta ni hesabu: korosho zimetoka, fedha imekwenda kwa mchapaji, sasa inarudi vipi? Kama ndivyo, anachohitaji ni karatasi ya mwezi yenye mistari minne: nakala zilizopokelewa, zilizouzwa, zilizokodishwa, fedha iliyopo mkononi. Nakala ya karatasi hiyo mpelekee mjomba, maana ndiye aliyefungua mkoba, na kwa nyumba za huko Newala neno la mjomba lina uzito wake. Mtu anayepata hesabu safi hutulia hata kama namba ni ndogo. Asiyepewa hesabu ndiye anayepiga simu kila wiki. Sisemi nina hakika na moyo wa mama mkwe wako, lakini unaweza kujaribu kabla ya kuamini kwamba anakudai sifa.

La pili ni hilo neno "kizuri", ambalo mume wako anataka ulitamke na wewe linakukwama kooni. Mteja anayekuuliza asome nini anataka kujua kama kitabu kitamfaa yeye, usiku wa leo. Neno "kizuri" halimsaidii hata likiwa la kweli. Vijana wa bandarini wanaokesha na mpelelezi Willy Gamba wa Elvis Musiba wanataka kasi, mipaka inavukwa, serikali ipo hatarini. Ukiwapa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla watalalamika kwamba watu wanaongea mno, ilhali kitabu chake cha Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, ndicho kilichoifungulia njia riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Na msomaji wa Bwana Msa, anayependa kukaa na vidokezo akavipanga mwenyewe, ukimpa Joram Kiango wa Ben Mtobwa anaweza kuona risasi zimekuwa nyingi kuliko maswali. Vitabu vyote hivyo vina wapenzi wao. Kazi yako ni kujua aliyesimama mbele yako ni mpenzi wa kipi.

Kwa hiyo badala ya kujiuliza "nikisifu au nisikisifu", jaribu kujiuliza kitabu cha shemeji ni cha nani. Hapo ndipo ninapotaka tukae kwa muda, kwa sababu nadhani umekipima kwa kipimo kimoja tu.

Unasema fumbo limevunjika, na kwa kanuni za fumbo uko sahihi kabisa. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri Mkatoliki wa Uingereza aliyekuwa pia akiandika riwaya za upelelezi, alitoa kanuni kumi za riwaya ya namna hii, na ya kwanza inataka mhalifu awe ametajwa mapema katika hadithi. Mwaka uliofuata waandishi wa Uingereza walianzisha chama chao, Detection Club, na mwanachama aliapa kutomficha msomaji kidokezo chochote cha muhimu. Sababu ni kwamba msomaji wa fumbo yumo mchezoni. Anashindana na mpelelezi kumpata muuaji, na mshindani aliyefichiwa karata mpaka ukurasa wa 171 ana haki ya kukasirika. Hasira yake hupita ile ya msomaji wa mapenzi au ya maisha, kwa kuwa malipo yake yote yalikuwa yanamsubiri mwisho wa kitabu. Hawezi kusema "angalau nusu ya kwanza niliifurahia". Nusu ya kwanza kwake ilikuwa deni.

Lakini kanuni hiyo inaihukumu riwaya ya fumbo. Riwaya ya msako haihusiki nayo. Katika msako unaweza kumjua muuaji tangu ukurasa wa kwanza au ukamjua mwishoni kabisa, na raha iko kwenye mbio, hatari na mahali. Sasa turudi kwa shemeji. Uliyoyasifu ni ghala, mizani, kangomba, mzee mwenye mtoto wa ada. Hujasifu kidokezo hata kimoja. Je, haiwezekani kijana ameandika riwaya ya msako na ya maisha ya msimu wa korosho, halafu yeye au mchapaji wake akaivalisha jalada la fumbo? Lile swali la herufi kubwa linamwambia mnunuzi, "Njoo tushindane." Mwalimu wako mstaafu ataitika wito huo, na ndiye atakayeumia. Fundi wa mizani kutoka Tandahimba anayetaka kuona kazi yake ndani ya kitabu huenda asijali hata kidogo muuaji ametokea wapi.

Sitaki kulifunika kosa la muda, maana hilo halina kisingizio kwenye aina yoyote ya riwaya. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 560, na Newala iko ndani zaidi. Kutoka Isha hadi saa sita ni kama saa nne. Gari lingetakiwa lipite kilomita 140 kwa saa, usiku, bila kusimama. Msomaji wa Arusha anaweza asigundue. Wa Mtwara, Lindi na Masasi atagundua kabla hajamaliza sentensi, na hao ndio wateja wako.

Njia ya kwanza uliyonayo ni ile ya mume wako: useme kizuri, yaishe. Faida yake ni amani ya Jumamosi moja. Hatari yake utaiona Jumamosi zinazofuata. Watu kumi na watano wanaochukua kitabu bila kukifungua wanafanya hivyo kwa sababu hujawahi kuwaangusha kwa makusudi. Hawatakuja kugomba. Wataanza tu kufungua kurasa, kuuliza bei, kusema "nitapita kesho". Na kitabu kinachofuata, ambacho kweli kingewafaa, utakisifu wasikusikie. Jambo jingine ni shemeji mwenyewe. Ukimsifu bila mpaka atachapisha cha pili hivyohivyo, na kikao cha familia kitaombwa fedha tena.

Njia ya pili ni kuviacha chini ya meza. Naielewa, lakini ina madhara yanayoonekana kwa macho. Hewa ya pwani ya Mtwara ina unyevu na chumvi, na vitabu vingi vya bei hii hubandikwa gundi tu mgongoni bila kushonwa. Boksi likikaa sakafuni, karatasi inavuta unyevu, jalada linajikunja, madoa ya ukungu yanatokea pembeni, na gundi ikilegea kurasa zinachomoka katikati. Mchwa nao hupanda kutoka sakafuni na kuanzia boksi la chini, usijue mpaka uliinue. Hata kabla hujaamua jambo lolote, ziinue nakala hizo juu ya mbao, ziache kiganja kimoja kutoka ukutani, zilaze bapa zisizidi kumi kwa mrundo, na kila baada ya wiki mbili zifungue zipate hewa kivulini. Hesabu utakayompa mama mkwe haitakuwa na maana kama nusu ya mali imeoza.

Njia ya tatu ni kukiweka rafuni kwa maelezo ya kweli. Wauza vitabu katika nchi nyingi huweka kadi ndogo chini ya kitabu, imeandikwa kwa mkono, mistari mitano au sita. Chukua manila, kata vipande vya sentimita 10 kwa 7, andika kadi kwa kila kitabu kipya ulicho nacho. Kila kimoja, ili cha shemeji kisionekane kimetengwa. Kwenye kadi kuwe na aina ya riwaya, mahali na wakati wa kisa, mwendo wake, kiasi cha damu, kitu kimoja kinachofanywa vizuri humo, na nani asikichukue. Mstari huo wa mwisho ndio unaojenga imani kuliko yote, kwa sababu mteja akiona umewahi kumwambia "hiki si chako", siku ukimwambia "hiki chukua" atachukua.

Kwa kitabu cha shemeji, kadi inaweza kusomeka hivi: "Msako, kurasa 188. Newala, msimu wa korosho. Karani anakutwa amekufa ghalani asubuhi ya mnada. Utaona mizani, kangomba na mnada kutoka ndani, kwa kalamu ya mtu anayevijua. Damu kidogo. Ukipenda kumkisia muuaji kwa vidokezo, chagua kingine. Mwandishi ni shemeji yangu."

Hakuna uongo hapo, na hakuna tusi. Mstari wa shemeji usiufute. Mtwara ni mji mdogo, watajua tu, na afadhali walijue kutoka kwako kabla hawajalipa.

Hatari ya kadi ni kwamba shemeji ataisoma mbele za watu. Neno "chagua kingine" linaweza kumkata. Kwa hiyo njia hii haiendi bila mazungumzo kabla ya Jumamosi, na hayo nitayagusa hivi punde.

Njia ya nne ni wewe usikizungumzie kabisa siku hiyo, bali mtu mwingine. Mwalimu mstaafu, kwa mfano, apewe nakala mapema bila malipo, aelezwe kwamba anasoma ili atoe maoni. Ukifanya hivyo hujampendekezea kitabu, umempa kazi, na ni heshima kwake. Naipenda njia hii kwa sababu inakuondoa katikati ya ndoa na duka. Inanitia wasiwasi kwa sababu walimu waliozoea kusahihisha huwa hawabakishi wino mwekundu, na kijana anayesikia kasoro zake kwa mara ya kwanza mbele ya watu kumi na watano anaweza asiandike tena. Ukiichagua, kaa na mwalimu kwanza, mkubaliane aanze na ghala na mizani, na kasoro aseme mbili tu.

Sasa mazungumzo na shemeji. Unasema mnataniana. Utani wa shemeji ni mlango mzuri wa kuingilia, ila ukishaingia uache utani, kwa sababu jambo hili kwake ni zito. Usianze na orodha ya makosa. Anza na swali: "Ulitaka msomaji amshuku nani, na kuanzia ukurasa gani?" Mwandishi akijibu swali hilo kwa sauti, mara nyingi tundu analiona mwenyewe. Kisha mchukue daftari, mchore safu tatu: jina la mhusika, ukurasa anaoonekana mara ya kwanza, na ukurasa ambao msomaji angeweza kumshuku. Mbele ya dalali patasomeka 171 na 171. Huhitaji kuongeza neno.

Halafu mwonyeshe jinsi dawa ilivyo karibu, na hili nakuomba usiliache. Ile simu ya ukurasa wa 40 ndiyo mahali pa kumpandikiza dalali. Msomaji wa leo atajiuliza mara moja kwa nini polisi hawakufuatilia namba, maana laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na mawasiliano huacha kumbukumbu kwenye kampuni ya simu. Basi mpelelezi aifungue akute namba moja ya Dar es Salaam imepiga mara kadhaa usiku wa kifo, mwenye namba aseme alikuwa anauliza bei ya mnada tu, na habari ipite. Aonekane tena mapema kwa nusu sentensi, labda kati ya wageni waliokaa kwenye mabenchi siku ya mnada, mtu mwenye viatu visivyo na vumbi la Newala. Anatajwa, anasahaulika, hajafichwa.

Na kosa la muda linaweza kugeuka kuwa kidokezo bora kuliko vyote kitabuni. Kama haiwezekani mtu atoke Newala baada ya Isha awe Kariakoo saa sita, basi aliyesema alimwona Kariakoo saa sita anadanganya. Mpelelezi anayeijua barabara ya kusini anaukamata uongo huo pale ambapo askari wa mjini ameupita. Hapo kila abiria wa basi la Dar anajiona yeye ndiye aliyelifumbua.

Nakala 300 zimeshatoka na haziwezi kurekebishwa kwa ndani. Kinachoweza kubadilika sasa ni jalada la nyuma. Kwa steshenari yako, stika ya karatasi ya A4 unaitoa mwenyewe: ukikata vinne kwa karatasi moja, karatasi 20 zinatosha nakala zako 80. Ibandikwe juu ya lile swali kubwa, iandikwe maneno ya msako badala ya fumbo. Lakini ni jalada lake, jina lake, fedha za mjomba wake. Likifanyika bila ridhaa yake utakuwa umeliharibu jambo zima kwa nia njema. Na hata akiridhia, wapo waandishi wanaojisikia aibu kuona kitabu chao kimewekwa kiraka. Mwulize, umsikilize, na akikataa liishie hapo.

Akikasirika je? Anaweza. Anaweza pia kumwambia kaka yake, na jioni nyumbani ikawa na maneno. Ndiyo maana ningependa mume wako aelewe kabla ya shemeji. Msimulie habari ya mwalimu mwenye macho machache, mwombe akuambie yeye angempa mzee huyo kitabu kipi. Sidhani atasema "mdanganye". Wewe unamjua kuliko mimi, na ukiona siku hizi si wakati wa mazungumzo hayo, una haki ya kusubiri, hata kama kusubiri kutamaanisha Jumamosi hii shemeji atambulishwe kama mwandishi, asome mwenyewe kurasa tatu za mwanzo kwa sauti, na wewe usiongeze lolote. Mwanzo ule, kwa maelezo yako, unajisimamia. Atakayependa atanunua kwa alichokisikia. Huo nao ni utambulisho halali.

Nikuongezee machache ya kazi yako kwa jumla. Unapoeleza riwaya ya upelelezi usivuke robo ya kwanza ya kisa. Usimwambie mteja "mwisho utakushangaza", kwa sababu ataanza kuusubiri mshangao na kuupata kabla ya wakati. Usiseme "hutamdhani muuaji", maana ataanza kumshuku yule mpole kuliko wote na mara nyingi atapatia. Muulize kitabu cha mwisho alichokiacha njiani na kwa nini. Jibu hilo lina faida kuliko orodha ya alivyovipenda. Na muulize, kwa upole, kama kuna jambo asilotaka kukutana nalo. Mwenye ndugu ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, huenda hataki riwaya yenye vijiji vinavyochomwa. Nesi aliyetoka zamu huenda hataki mtoto afe ukurasa wa pili. Hayo hayaandikwi nyuma ya jalada lolote, anayejua ni wewe uliyesoma.

Na kuhusu zile nakala 80, sina hakika kama soko lake kubwa ni rafu yako. Kitabu kinachozungumzia ghala na mnada kina wasomaji kule kwenye maghala: Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea. Minada ikianza Oktoba na malipo yakaingia, watu wana fedha mkononi na mazungumzo yote ni ya korosho. Unaweza kumshauri shemeji achukue nakala 50 arudi nazo kwao, aziweke kwenye maduka ya steshenari na ya vifaa vya shule kwa mkataba wa kulipa baada ya kuuza, kila duka nakala tano, na daftari la kutia sahihi. Hatari ya mali kauli ni kwamba baadhi ya wenye maduka hulipa kwa kuchelewa au wasilipe kabisa, kwa hiyo nakala ziwe chache na mzunguko uwe wa mwezi mmoja. Zikisafirishwa kwa basi zifungwe kwa nailoni kabla ya boksi, na aandike idadi juu ya boksi na ndani yake, mpokeaji ahesabu mbele ya kondakta.